Shall, must, will au may: uchague ipi unapoandika Kiingereza cha mikataba na kanuni

Tarehe 12 Desemba 2015, huko Le Bourget nje kidogo ya jiji la Paris, wajumbe wa karibu nchi zote duniani walikuwa wamekaa ukumbini wakisubiri kupitisha mkataba wa tabianchi. Kikao kikachelewa kuanza. Katika rasimu ya mwisho, ibara ya 4 aya ya 4, nchi zilizoendelea zilikuwa zimeandikiwa "shall" kuhusu malengo yao ya kupunguza hewa chafu, na nchi zinazoendelea zikaandikiwa "should". Ujumbe wa Marekani ulipoiona ile "shall" ukasema haukubali. Neno hilo lingegeuza sentensi kuwa wajibu wa kisheria, na wajibu wa namna hiyo ungeweza kulazimu mkataba upelekwe kwenye Seneti ya Marekani, ambako ungekwama. Baada ya mashauriano ya pembeni, sekretarieti ikasoma orodha ya masahihisho ya kiuandishi, na mojawapo lilikuwa hilo: "shall" ikawa "should". Muda mfupi baadaye Laurent Fabius, aliyekuwa akiongoza mkutano, akagonga nyundo na mkataba ukapita.

Wengi tulifundishwa kwamba "shall" ni "will" ya barua rasmi, pambo tu la kuonyesha heshima. Wajumbe wa Paris hawakugombania pambo. Hiki ni kitenzi ambacho ukikiweka au ukikiondoa unabadilisha nani anadaiwa nini, na ndicho pia kinachomwagwa ovyo na kila anayetaka maandishi yake yasikike mazito. Ukiandika mkataba, katiba ya chama, kanuni za kazi au masharti ya zabuni kwa Kiingereza, karibu kila sentensi inakudai uchague: shall, must, will, may au should. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kanuni zinazosomwa na watu wa kawaida ziandikwe kwa "must". "Shall" ibaki kwenye mikataba na viwango vya kiufundi, na hata huko ifanye kazi moja tu: kumpa wajibu mtu aliyetajwa, au, kwenye viwango, kutaja sharti la kiwango chenyewe.

Kanuni ya shuleni na kwa nini haitoshi

Asili ya "shall" ni kudaiwa. Katika Kiingereza cha kale mtu mwenye deni alisemwa kwa kitenzi hiki, na Kijerumani hadi leo kina "Schuld", yaani deni au hatia, kutoka shina hilohilo. "Will" asili yake ni kutaka. Karne zilivyopita, vitenzi vyote viwili vikaanza kutumika kutaja wakati ujao, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoingia. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford aliyeandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, alitoa kanuni ambayo vitabu vya shule viliinakili vizazi kwa vizazi. Kwa nafsi ya kwanza, "I shall" ni kutabiri, na "I will" ni kuahidi au kutisha. Kwa nafsi ya pili na ya tatu mambo yanageuka: "you will" na "he will" ni kutabiri, "you shall" na "he shall" ni kuahidi au kutisha.

Kanuni hiyo inapendeza kwenye karatasi, ila wasemaji wenyewe hawakuifuata. Tarehe 4 Juni 1940 Winston Churchill aliwaambia wabunge wa Uingereza "we shall fight on the beaches", kisha "we shall never surrender". Kwa hesabu ya Wallis alikuwa anatabiri tu. Hakuna aliyemsikia hivyo. Machi 1942 Jenerali Douglas MacArthur, akiwa ameondolewa Ufilipino na kufika Australia, alisema "I shall return", na watu wakayapokea maneno yale kama kiapo. Nafsi ya kwanza, "shall", na uzito wote wa ahadi.

Leo Wamarekani karibu hawatumii "shall" kutaja wakati ujao, na Waingereza wengi husema "I'll", ambayo inaifuta tofauti yenyewe. Kwa hiyo kama unachotaka ni wakati ujao wa kawaida, tumia "will" kwa nafsi zote. Ni Kiingereza sahihi kila mahali, na hakuna unachopoteza.

Shall na must

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Zote mbili zinabeba wajibu, na kwa kuangalia sentensi mojamoja utadhani ni pacha. "Members shall pay an annual fee" na "Members must pay an annual fee" zote zinamwambia mwanachama alipe ada kila mwaka.

Tofauti iko kwenye tabia. "Must" ndani ya kanuni ina maana moja. Inayo maana nyingine, ya kukisia, kama katika "He must be tired", yaani bila shaka amechoka, lakini hiyo ni ya mazungumzo na haipati nafasi ya kujipenyeza kwenye kanuni za chama. "Shall" haina nidhamu hiyo. Mwaka 1995, katika kesi ya Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba ijapokuwa "shall" kwa kawaida ni sawa na "must", waandishi wa sheria huitumia, na pengine kuitumia vibaya, wakimaanisha "should", "will" au hata "may". Kitenzi kimoja, maana nne, na mbili kati yake zinapingana uso kwa uso: lazima na hiari. Mwaka 2016, katika kesi ya Kingdomware iliyohusu zabuni za serikali, mahakama hiyohiyo ilisema "shall" kwa kawaida inaashiria sharti, tofauti na "may" inayoacha uamuzi kwa mhusika. Ona neno "kwa kawaida" lilivyorudi. Hilo peke yake linamwachia nafasi mtu anayetaka kubisha.

Afrika Kusini iliamua kukata mzizi. Katiba yake ya mpito ya 1993 iliandikwa kwa "shall" kama sheria nyingi zenye asili ya Uingereza. Katiba ya 1996 ikaandikwa kwa "must". Kifungu cha 2 kinasema wajibu unaowekwa na katiba hiyo "must be fulfilled", na kifungu cha 83 kinasema rais "must uphold, defend and respect the Constitution". Msomee mtu yeyote aliyeishia sekondari sentensi hizo. Ataelewa mara moja nani anatakiwa kufanya nini. Katiba ya Kenya ya 2010 ilishika njia ya zamani: ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya na "shall be exercised only in accordance with this Constitution". Si kosa, wala katiba haidhoofiki kwa hilo. Ila msomaji anahitaji kuwa amezoea lugha ya sheria ndipo aisikie ile amri, na katiba huandikwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliozoea.

Marekani nako upepo umeelekea huko. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria inayozitaka idara za serikali ya shirikisho ziandike kwa lugha nyepesi, na miongozo ya uandishi ya serikali hiyo inashauri "must" kwa kila sharti. Kanuni za mahakama za shirikisho zilianza kupigwa msasa hata kabla ya hapo, na humo kuna kisa ambacho kila anayependa kubadilisha maneno kwa mkupuo anapaswa kukijua. Mwaka 2007 kanuni za mashauri ya madai ziliandikwa upya na "shall" zikaondolewa. Kwenye kanuni ya 56, inayohusu hakimu kutoa hukumu bila kesi kusikilizwa kikamilifu pale ambapo hakuna ubishi wa kweli kuhusu ukweli wa mambo, "shall" iliondoka na "should" ikaingia. Malalamiko yakazuka. Je, sasa hakimu ana hiari ya kukataa hata kama masharti yote yametimia? Lakini wakiweka "must", je, hawatakuwa wamemfunga mikono kuliko zamani? Mwaka 2010 waliirudisha "shall" kwenye kanuni hiyo, kwa sababu miaka mingi ya hukumu ilikuwa imejengwa juu yake na hakuna neno jingine lililobeba mzigo uleule.

Mimi nakisoma kisa hicho hivi: "must" ni bora kwa maandishi mapya. Kwa maandishi ambayo yameshatafsiriwa na mahakama, au yameshazoeleka kwa watu walioyasaini, kubadilisha kitenzi ni kubadilisha makubaliano hata kama nia yako ilikuwa kusafisha lugha tu.

Kifungu kimoja, shall sita

Nadharia haimsaidii mtu aliye na rasimu mbele yake, basi tuchukue kifungu cha mkataba wa kupanga nyumba, wa aina inayonakiliwa kila siku:

"'Rent' shall mean the amount stated in Schedule A. This Agreement shall commence on 1 March. The Tenant shall pay the Rent on the first day of each month. If the Tenant shall fail to pay, the Landlord shall be entitled to end this Agreement. Notice shall be given in writing."

Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Ondoa "shall", weka maneno "ana wajibu wa", kisha soma tena. Ikileta maana, "shall" inastahili kukaa hapo. Isipoleta, itoe.

"Rent" ina wajibu wa kumaanisha? Neno haliwezi kupewa wajibu. Hii ni tafsiri ya istilahi, na tafsiri inakuwa kweli tangu mkataba unaposainiwa, hivyo andika "means" basi.

Mkataba una wajibu wa kuanza tarehe 1 Machi? Mkataba nao hauna mikono wala miguu. Andika "begins on 1 March". Tena "commence" yenyewe haiongezi kitu ambacho "begin" haina. Kuna wanaoona "commence" ina heshima zaidi. Mimi sioni heshima ikipatikana kwa kumtafutisha msomaji kamusi.

Mpangaji ana wajibu wa kulipa kodi siku ya kwanza ya kila mwezi. Naam. Hapa "shall" iko nyumbani kwake: kuna mtu aliyetajwa, kuna tendo, kuna muda, na asipotimiza kuna mtu anayeweza kumdai. "The Tenant shall pay" inabaki. Ukitaka "must pay" ni sawa pia, mradi uitumie hivyohivyo mkataba mzima.

Kama mpangaji ana wajibu wa kushindwa kulipa? Hapa upuuzi unaonekana wazi, kwani ukisoma neno kwa neno unamwamuru mpangaji akose kulipa. Bila shaka hakuna hakimu atakayesoma hivyo, lakini kwa nini uandike sentensi inayohitaji huruma ya msomaji? Andika "If the Tenant fails to pay".

Mwenye nyumba ana wajibu wa kuwa na haki ya kuvunja mkataba? Alichopewa ni ruhusa, hajapewa wajibu. Andika "the Landlord may end this Agreement". Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kifungu hiki. Ukipunguza maneno kwa haraka na kuandika "the Landlord shall end this Agreement", umemlazimisha mwenye nyumba amfukuze mpangaji mara ya kwanza anapochelewa, hata kama wameshaelewana wenyewe kwamba atalipa wiki ijayo.

Inabaki ile ya notisi. "Notice shall be given in writing" inapita kipimo nusu. Wajibu upo, ila mwenyewe kajificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Nani anatoa notisi, na anampa nani? Kauli ya kutendwa ikikutana na "shall" huzaa wajibu yatima, na siku ya ugomvi kila upande utasema ulikuwa wa mwenzake. Andika "The Landlord must give the Tenant notice in writing before ending this Agreement".

Katika sita, moja tu imepita bila kuguswa.

Nimeweka "must" kwenye ile ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu kuna mtindo unaozitofautisha: "shall" kwa wajibu ambao upande mmoja wa mkataba unaudai kutoka kwa mwingine, na "must" kwa masharti ya kupitia kabla hujapata haki fulani. Kwa mfano, "To claim a refund, the customer must present the receipt". Mteja hadaiwi risiti na mtu. Asipoileta hajavunja mkataba, ila hatapata fedha zake. Ni mtindo mzuri kwa wanasheria waliouzoea na wanaoweza kuusimamia kurasa hamsini bila kuteleza. Wewe ambaye huna uhakika, tumia kitenzi kimoja kwa vyote. Mahakama zina mazoea ya kudhani kwamba mwandishi aliyebadilisha neno ndani ya waraka uleule alikusudia kubadilisha maana. Ukiandika "shall" ukurasa wa pili na "must" ukurasa wa tano kwa kuwa tu ulichoka kurudia, umemkabidhi mpinzani wako hoja.

Shall na will

"The Supplier will deliver the goods by Friday." Je, msambazaji ameahidi au tunabashiri tu? Kampuni nyingi hupenda "will" kwenye mikataba kwa kuwa inasikika laini, hasa pande mbili zikiwa bado zinajenga uhusiano, na katika mkataba uliosainiwa mara nyingi itasomwa kama ahadi. Sina ugomvi nayo ikiwa imetumika kwa wajibu wa pande zote sawasawa. Ugomvi unakuja pale mwandishi anapoandika "the Contractor shall" kwa mkandarasi na "the Client will" kwa mteja. Yule mdogo kaamriwa, mkubwa kaahidi kwa upole. Hata kama kisheria uzito ni uleule, msomaji anaihisi tofauti hiyo, na anayesaini akiwa upande wa "shall" ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mahali ambapo "will" haina mpinzani ni kwenye ahadi kwa wateja na kwenye maelezo ya kitakachotokea: "We will reply within three working days", "The system will lock after five failed attempts". Hapo "shall" inasikika kama tangazo la mfalme.

May, na mtego wa kukanusha

"May" ni ruhusa au hiari: "A member may resign at any time", mwanachama anaweza kujiuzulu wakati wowote. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo linaanza unapoingiza "not", na naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu makosa ya kukanusha ndiyo yanayowagharimu watu.

"Must not" ni katazo. Si kinyume cha "must" kwa maana ya kuondoa wajibu. "You must not pay in cash" inakataza fedha taslimu. Ukitaka kusema si lazima alipe taslimu, ila akitaka alipe, andika "You do not have to pay in cash" au, kwa lugha rasmi zaidi, "need not". Kati ya "marufuku" na "si lazima" kuna mbali, na kwa Kiingereza umbali huo wote umebebwa na vitenzi viwili ambavyo mwanafunzi huwa anafundishwa siku moja na kuvichanganya miaka yote. "Shall not" iko upande wa "must not": ni katazo.

"May not" ina sura mbili. "Visitors may not enter the laboratory" ni katazo, wageni hawaruhusiwi kuingia maabara. "The visitors may not arrive today" ni mashaka, huenda wageni wasifike leo. Katika sentensi fupi muktadha unakuokoa. Lakini angalia hii: "The committee may not approve the budget." Kamati hairuhusiwi kuidhinisha bajeti, au kuna uwezekano isiidhinishe? Zote zinasomeka. Kwa katazo, andika "must not" na uondoe shaka.

Mtego mwingine ni "all" ikifuatwa na "not". "All members shall not vote by proxy" mwandishi alikusudia hakuna mwanachama anayeruhusiwa kumtuma mtu ampigie kura. Ila Kiingereza kinaruhusu kuisoma kama "si wanachama wote", yaani wengine wanaruhusiwa. Njia salama ni "No member may vote by proxy". Hapo "may" ni bora kuliko "shall", kwa sababu "no member shall" ukiipeleka kwenye kile kipimo inasema "hakuna mwanachama mwenye wajibu wa kupiga kura kwa wakala", ambayo ni kitu kingine kabisa.

Should

Kisarufi "should" ni wakati uliopita wa "shall", lakini kikazi imeshaondoka nyumbani. Ni ushauri: inafaa, inatarajiwa, ila asiyefanya hajavunja kitu. Ndiyo maana Marekani iliikubali Paris. Itumie pale tu unapokuwa tayari kuona mtu akikataa na wewe ukanyamaza. Waandishi wa kanuni za kazi huiweka kwa kuogopa kuonekana wakali, "Staff should wear safety helmets", kisha ajali ikitokea wanashangaa kusikia kwamba kofia ngumu ilikuwa hiari. Kitu kikihusu usalama wa mtu, andika "must".

Kwenye maandishi ya kiufundi huchagui, unafuata

Hapa maoni yangu na yako hayana nafasi, kwa sababu wenye viwango wameshaamua, na wameamua tofauti.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeitenga "shall" kwa masharti ya kiwango chenyewe, "should" kwa mapendekezo, "may" kwa ruhusa na "can" kwa uwezo au uwezekano. "Must" hairuhusiwi kuchukua nafasi ya "shall". Imewekewa kazi ya kutaja mambo yanayolazimishwa na kitu kilicho nje ya kiwango, kwa mfano sheria ya nchi. Kwa hiyo mtu aliyezoea ushauri wa lugha nyepesi akiingia kuandika kiwango cha ISO na "must" zake, atakuwa amesema jambo asilolikusudia.

Watengenezaji wa itifaki za intaneti walichukua njia nyingine. Waraka wao unaoitwa RFC 2119, wa Machi 1997, unasema MUST, REQUIRED na SHALL zina maana ileile: sharti lisilo na mjadala. SHOULD inamaanisha fanya hivyo isipokuwa una sababu ya maana na umepima athari zake, na MAY ni hiari kamili. Herufi kubwa zina kazi yake. Waraka wa nyongeza, RFC 8174 wa Mei 2017, ulifafanua kwamba maneno hayo yana maana hiyo maalumu yakiandikwa kwa herufi kubwa pekee. Yakiwa kwa herufi ndogo ni Kiingereza cha kawaida. Ukiandika maelezo ya programu na kuyataja maneno hayo, sema mwanzoni unafuata utaratibu upi. Bila hivyo mhandisi mmoja atasoma "should" kama amri na mwenzake kama ushauri, na mifumo yao itashindwa kuelewana.

Na kwenye mazungumzo?

Kuna "shall" moja ambayo haijazeeka hata kidogo: ya kuuliza kwa nafsi ya kwanza. "Shall I open the window?" ni kujitolea, nifungue dirisha? "Shall we begin?" ni kualika, tuanze? Ukiweka "will" hapo maana inaharibika. "Will I open the window?" katika Kiingereza cha wengi ni kama unamwomba mtu akutabirie, ingawa utaisikia kwa Waskoti na Waairishi kwa maana ya kujitolea. Hii "shall" itumie bila woga, maana ni njia ya adabu isiyo na ugumu wowote.

Ya barua rasmi, "I shall be grateful if you could", bado ni sahihi lakini imeanza kunuka vumbi. "I would be grateful if you could" ina adabu ileile na haimrudishi msomaji enzi za mashine ya taipu.

Ukirekebisha waraka wa zamani

Ukipewa mkataba au katiba ya chama iliyojaa "shall" na kuambiwa uongeze vifungu viwili, usiingize "must" kwenye vifungu vyako hata kama unaipenda zaidi. Andika kwa kitenzi cha waraka uliopo, ila kwa nidhamu: mtu aliyetajwa, tendo, muda. Ukiona "shall" za zamani zenye kasoro, ziorodheshe na uziwasilishe kwa wahusika kama mabadiliko ya kupigiwa kura au kusainiwa, kila moja na maana yake mpya pembeni, ili anayekubali ajue anakubali nini. Na usitumie kitufe cha kubadilisha maneno yote kwa mara moja. Kile kifungu cha nyumba tulichokisoma, ukikipitisha kwenye kitufe hicho, kitatoka na "If the Tenant must fail to pay".